Kwa nini The Godfather haizeeki: hesabu shughuli, usihesabu risasi

Kijana mmoja wa Morogoro kanitumia swali, nalifupisha hapa ili wote tuwe pamoja: "Shikamoo mwalimu. Juzi nimeangalia The Godfather ya mwaka 1972 kwa mara ya kwanza. Karibu masaa matatu, ngumi chache, giza mpaka nikadhani kioo cha simu kimekufa, na muda mwingi wazee wamekaa wanaongea tu. Nikasema hii sirudii. Kesho yake usiku nikajikuta nimeirudia yote. Naomba unieleze hii muvi ina nini, na mbona nampenda yule mzee wakati ni jambazi?"

Marahaba mdogo wangu. Mimi kazi yangu ni kuediti filamu na kufundisha vijana kuediti, hii muvi nimeiangalia mara nyingi kuliko nyingine yoyote na kila darasa jipya naanza nayo, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, tulia na chai yako.

Wewe umehesabu ngumi ndo maana ukaona chache. Hebu irudie kichwani uhesabu shughuli. Inaanza na harusi. Baadaye kuna mgonjwa hospitali na mtoto anaenda kumwona, kuna jikoni watu wanapika, kuna mezani watu wanazozana mbele ya watoto, kuna harusi nyingine huko Sicily, kuna msiba wa mtoto, kuna msiba wa baba, inamalizikia ubatizo. Damu inayomwagika humo, nyingi imebanwa katikati ya shughuli ya kifamilia, na imepangwa hivyo makusudi. Muvi maarufu za majambazi za Marekani za miaka ya 1930 zilikuwa zinamwangalia jambazi kutoka nje, kama polisi au mwandishi wa gazeti anavyomwangalia, anapanda, anatamba, anauawa, basi. Dairekta Francis Ford Coppola akatupitisha mlango wa nyuma mpaka jikoni. Na ukishaingia jikoni kwa watu ukala nao, kuwachukia inakuwa kazi.

Anza na sini ya kwanza kabisa. Skrini nyeusi, halafu sauti ya mwanaume mwenye lafudhi ya Kiitaliano inasema naiamini Marekani. Uso unatokea gizani. Huyu ni Bonasera, kazi yake ni kuandaa maiti kwa mazishi. Anasimulia binti yake alivyopigwa na vijana wawili mpaka taya likavunjika, akaenda polisi kama raia mwema, kesi ikafika mahakamani, hakimu akawapa wale vijana kifungo cha nje na siku ileile wakaondoka zao wanamcheka. Muda wote huo kamera inarudi nyuma polepole, karibu dakika tatu bila kukata, taratibu kiasi kwamba huoni kama inatembea, mpaka unashtukia kuna kisogo cha mtu na mkono wake, na hapo ndo unagundua kumbe tangu mwanzo kuna mzee amekaa anasikiliza.

Sasa sikiliza mzee anajibu nini, manake hapa darasani nasimamisha muvi kila mara. Bonasera kaomba wale vijana wauawe, na kauliza alipe shilingi ngapi. Don Vito Corleone wala hashtuki na neno kuua. Kinachomuudhi ni kwamba wamejuana miaka mingi na leo ndo mara ya kwanza huyu bwana anakuja kwake, hakumbuki mara ya mwisho kualikwa kwake hata kikombe cha kahawa, na mke wake Don ndiye mama wa ubatizo wa yule binti, mtoto wa pekee. Yaani unanijia siku umepatwa, hunipi heshima, hata kuniita baba wa ubatizo hutaki, halafu unanitolea hela nyumbani kwangu siku binti yangu anaolewa?

Niambie ni ukoo gani kwetu hauna Bonasera wake. Yule ambaye kwenye misiba ya wenzake haonekani, mchango hatoi, simu hapokei, siku yamemfika anakuja mbio ana bahasha mkononi. Na kila ukoo una yule mzee ambaye bahasha ndo inamkera, anataka uinamishe kichwa kwanza. Coppola alikuwa anawaeleza Wasicilia waliohamia New York, alizaliwa kwenye ukoo wa Waitaliano wa Marekani anawajua, na kwa sababu aliwaeleza wao kwa undani bila kujaribu kuwaeleza watu wote, wewe wa Morogoro ukaona unamjua huyu mzee.

Mwishowe Bonasera anambusu Don mkono, na Don anamwambia iko siku, na huenda siku hiyo isifike, nitakuomba na mimi unitendee jambo. Hilo ni deni. Kuanzia hapo muvi nzima inatembea juu ya madeni ya namna hii, na ukishalijua hilo kila sini inafunguka. Siku inafika kweli. Sonny, mtoto mkubwa wa Don, kamiminiwa risasi kwenye kituo cha kulipia barabara, mwili umeharibika. Usiku mzee anampelekea Bonasera maiti. Bonasera anatetemeka hajui ataombwa dhambi gani. Mzee anachoomba ni kazi yake tu ya kila siku, amtengeneze mtoto, hataki mama yake amwone vile. Anafunua blanketi, uso unamkunjamana, anasema angalia walivyomfanya mwanangu. Baba mmoja alikuja kulilia binti yake aliyepigwa, sasa baba mwingine amekuja na maiti ya mwanae, na wote wawili wako mbele ya mtu anayejua kuficha majeraha. Sini fupi hii, lakini mimi mpaka leo sijaizoea.

Deni lingine wengi hawalioni. Siku ile ya harusi anakuja pia mwoka mikate, anaomba kijana wake wa kazi, Enzo, asirudishwe Italia manake anataka kumuoa binti yake. Don anasema litashughulikiwa, tunaona jambo dogo tunalipita. Baadaye Don kapigwa risasi barabarani akinunua machungwa, kalazwa, usiku Michael, mtoto mdogo wa kiume, anakwenda kumwona anakuta hospitali tupu, walinzi wameondolewa, maana yake wauaji wako njiani. Anasikia hatua kwenye ngazi. Anatokea nani? Enzo, na maua mkononi, kaja kumjulia hali mzee aliyemsaidia. Michael anamwambia ondoka kuna hatari, Enzo anagoma, anasema kwa baba yako mimi nabaki. Wanasimama wawili nje mlangoni, kola wamezipandisha, mikono mifukoni kama wana bastola. Gari linapunguza mwendo, watu ndani wanawaangalia, linaondoka.

Halafu sasa angalia mikono. Enzo anatoa sigara, mikono inamtetemeka, kiberiti cha gesi hakiwaki. Michael anakichukua, anawasha mara moja, na baada ya kumuwashia anauangalia mkono wake mwenyewe, umetulia kabisa. Hasemi neno, muziki haupandishwi kutuambia kitu, ni sekunde chache tu. Huyu ndo kijana aliyetoka vitani na medali, aliyekaa harusini na sare ya jeshi akamwambia mpenzi wake Kay kwamba hiyo ni familia yangu Kay, siyo mimi. Pale kwenye kiberiti anagundua kwamba ni yeye. Kaka zake wamehangaika miaka, mmoja hasira zinamtangulia, mwingine siku baba anapigwa risasi bastola inamdondoka mkononi anakaa chini analia, na aliyezaliwa na mkono usiotetemeka ni huyu ambaye baba hakutaka aingie. Vijana wengi wanaoandika skripti siku hizi wangempa Michael dakika mbili za kujieleza hapo, na wangeua kila kitu.

Coppola mwenyewe amewahi kueleza kwamba aliiona hii kama hadithi ya mfalme mwenye watoto watatu wa kiume. Umeona? Ni ngano. Palikuwa na mfalme na wanawe watatu, wa kwanza akarithi ukali, wa pili akarithi upole, wa tatu akarithi akili na ubaridi. Sisi tumelala na hizi hadithi tangu utotoni, kwa hiyo masikio yetu yanajua mwendo wake hata kama New York hatujafika.

Umeuliza mbona unampenda mzee. Nitakupa majibu mawili, moja zuri na moja chungu.

Zuri ni kwamba ametengenezwa na watu waliompenda. Mario Puzo, aliyeandika kitabu mwaka 1969, alikulia mtaa wa Hell's Kitchen huko New York kwenye familia ya wahamiaji wa Kiitaliano, na alieleza kwamba kila Don akifungua mdomo yeye kichwani alikuwa anasikia sauti ya mama yake mzazi. Mama yake! Ndo maana yule jambazi anaongea kama mzazi, anauliza kama unakaa na familia yako, anamkaripia mtoto kwa sauti ya chini. Halafu akaja Marlon Brando kumwigiza, ambaye wakubwa wa studio ya Paramount hawakumtaka kabisa, alikuwa na miaka 47 tu, akawekewa mekapu ya uzee na kifaa mdomoni cha kuyajaza mashavu, na akachagua kuongea taratibu, mtu mwenye nguvu hana haja ya kupaza sauti, wengine ndo wanasogeza masikio. Yule paka mapajani hakuwa kwenye skripti, alikuwa anazurura tu studio wakampa, akaanguruma kwa raha mpaka akasumbua sauti za maneno. Mkono unaobembeleza paka, na mdomo unaopanga watu kupigwa. Ukivitenganisha hivyo viwili mzee hayupo.

Jibu chungu ni kwamba muvi imekuficha kitu. Fikiria vizuri, umemwona nani akiumizwa na biashara ya Corleone ambaye ni mtu wa kawaida? Mama ntilie aliyelazimishwa kulipa, mfanyakazi aliyepotezewa haki kwenye chama chao, baba aliyemaliza mshahara kwenye kamari yao? Karibu hakuna. Wanaouawa wengi ni majambazi wenzao au polisi mla rushwa, kwa hiyo ndani ya ule uzio mzee anaonekana ndiye mwenye utu. Hata anapokataa biashara ya dawa za kulevya watu wanampigia makofi, lakini sikiliza sababu zake. Anamwambia Sollozzo, yule aliyemletea hiyo biashara, kwamba yeye hajali mtu anapata wapi riziki, ila wanasiasa alionao mfukoni watamkimbia wakijua anauza hiyo kitu. Ni hesabu ya biashara, sisi ndo tunaitafsiri kuwa maadili kwa sababu tumeshampenda. Wapo wanaoilaumu muvi kwa hili na mimi nadhani wana haki, isipokuwa naona Coppola alijua anachofanya, na mwisho nitakuonyesha wapi anatulipisha.

Kwenye kikao hichohicho na Sollozzo kuna kitu nataka ukione. Mzee ameshakataa kwa adabu, na Sonny anaropoka neno moja la kuonyesha yeye ile hela imemvutia. Neno moja tu. Kumkatiza baba mbele ya mgeni! Mzee anaomba radhi kwa niaba ya watoto, mgeni akiondoka anamwambia mwanae asirudie tena kumwonyesha mtu wa nje anachowaza. Lakini imeshatoka. Sollozzo kajua kwamba mzee akiondoka mtoto ataingia biashara, kwa hiyo mzee lazima aondoke. Risasi zote zinazofuata, pamoja na zile zitakazomuua Sonny mwenyewe, zimetoka kwenye kukosa adabu kwa sekunde tano. Ndo maana nakwambia hao wazee wanaoongea tu wameketi, pale ndo vita yenyewe inapiganwa. Ukisinzia kwenye kikao umekosa vita.

Kuhusu giza, simu yako nzima kabisa. Mkuu wa kamera Gordon Willis aliweka taa juu, zinamwagika kutoka darini, kwa hiyo paji la uso linashika mwanga na macho yanabaki shimoni, hasa ya Brando. Wakati ule hii ilikuwa kama kosa, mpigapicha yeyote alifundishwa kwamba macho ya staa lazima yaonekane, na wakubwa wa studio walinung'unika sana. Ila angalia anavyobadilishana, ofisini kwa Don giza la rangi ya kahawia, halafu anakata ghafla nje harusini jua kali, nguo nyeupe, watu wanacheza, kama macho yako yametoka kwenye handaki. Sehemu mbili za nyumba moja. Kadiri Michael anavyoingia kwenye ile kazi na giza linamfuata usoni. Usiangalie mchana barazani, angalia usiku, zima taa, na kama unaweza tafuta skrini kubwa.

Sini ya mgahawa siipiti. Michael anakwenda kula na Sollozzo na kapteni wa polisi McCluskey, bastola imefichwa chooni nyuma ya tangi la maji. Sollozzo anaanza kuongea Kiitaliano na muvi haiweki maandishi ya tafsiri, kwa sababu hata tungeelewa, Michael mwenyewe hasikilizi tena. Anarudi kutoka chooni, anakaa, na kamera inaingia usoni kwa Al Pacino anayemwigiza Michael, macho yanahangaika huku na huku wakati mtu mbele yake anaendelea kuongea. Hakuna muziki. Kuna sauti ya treni. Hatuioni treni yoyote, tunaisikia inakuja, inakwaruza, inapanda mpaka inakuwa kama kelele ndani ya kichwa chake, na ikifika kileleni anasimama anapiga. Hiyo ni kazi ya Walter Murch kwenye sauti. Muziki unaingia baada ya bastola kudondoka sakafuni, akishakuwa muuaji. Wanafunzi wangu nawaambia wazime picha wasikilize tu, halafu wazime sauti waangalie tu, wanaelewa kitu ambacho mimi siwezi kuwafundisha kwa maneno.

Na kumbuka huyo Pacino studio walitaka kumfukuza, walimwona mfupi, mpole, hana nyota, ilikuwa ni sini hii ilipoonwa ndo akapona. Coppola na yeye kiti chake kilikuwa kinatikisika, kijana wa miaka thelathini na kitu, ana madeni, na wakubwa walitaka kitu cha bei rahisi cha wakati wa sasa, wao hawakuona haja ya miaka ya 1940. Yeye akagoma. Akampa nafasi dada yake Talia Shire aigize Connie, yule binti wa Don anayeolewa mwanzoni, baba yake Carmine Coppola akatunga baadhi ya muziki, na kichanga kinachobatizwa mwisho ni binti yake Sofia mwenyewe, kazaliwa wiki chache tu kabla. Ukiona zile shughuli zinafanana na shughuli za kweli, wale watoto wanaolala viti viwili vimeunganishwa, yule mzee anayeimba wimbo wa matusi harusini, ni kwa sababu aliyeziongoza alikuwa anazijua na baadhi ya waliokuwemo ni ndugu zake.

Puzo na Coppola waliandika skripti pamoja, na kuna kisa kinachopendwa kusimuliwa. Kwenye sini Clemenza, mmoja wa watu wakubwa wa Don, anamfundisha Michael kupika mchuzi wa nyanya manake huenda siku moja akalazimika kupikia watu ishirini, Coppola aliandika maneno ya kistaarabu ya kitabu cha mapishi kuhusu kugeuza chakula rangi ya kahawia. Puzo akamrudishia kwamba majambazi hawafanyi hivyo, majambazi wanakaanga. Basi ikawa kukaanga. Jambo dogo, ila muvi nzima imepita kwenye chujio la namna hiyo, kila neno limeulizwa kama kweli mtu huyu angelisema.

Kingine, neno mafia halimo. Wakati wanajiandaa kupiga picha kulikuwa na jumuiya ya kutetea haki za Waitaliano wa Marekani, mwenyekiti wake Joe Colombo ambaye naye alikuwa bosi wa familia ya kihalifu New York, wakapinga muvi isitengenezwe, na prodyuza Albert Ruddy akakubaliana nao kulitoa hilo neno. Lilikuwa limetajwa mara chache sana kwa hiyo halikuwa gharama. Colombo mwenyewe akapigwa risasi mbele ya umati tarehe 28 Juni 1971, kwenye mkutano wa jumuiya yake, akabaki mgonjwa mpaka alipofariki 1978. Ila mimi naona kulitoa lile neno kuliisaidia muvi kuliko walivyodhani, kwa sababu kilichobaki mdomoni mwa kila mtu ni familia. Familia imesema, familia imekubali, usiende kinyume na familia. Neno letu sote, na kila likitajwa linabeba maiti ndani yake.

Tuzo unazijua au utazisoma popote, Oscar tatu ikiwemo muvi bora, Brando akaikataa ya kwake, na ya pili ya mwaka 1974 ikachukua sita. Hayo tuyapite. Muvi nyingi zimechukua Oscar na leo hakuna anayezirudia usiku peke yake kama ulivyofanya wewe.

Sisi tumekuzwa na msemo wa vibanda vya video kwamba steringi hafi. Hapa steringi anakufa bustanini kwenye nyanya zake anacheza na mjukuu. Kabla yake wamekaa baba na mwana chini ya miti, na hiyo sini aliiandika Robert Towne ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya waandishi, Coppola aliishiwa na namna ya kuonyesha kwamba hawa wawili wanapendana. Wanaongea mambo ya usalama, mzee anarudia rudia vitu kama wazee wanavyofanya, mara anauliza mjukuu hajambo, na katikati ya hayo linamtoka, kwamba yeye hakuwahi kutaka hii kazi kwa Michael. Alidhani zamu ya Michael ikifika, yeye ndiye atakayeshika nyuzi, seneta Corleone, gavana Corleone. Muda haukutosha. Michael anamwambia tutafika baba. Halafu siku nyingine mzee anakata ganda la chungwa anajitengenezea meno ya kutisha, jambo ambalo Brando alilileta mwenyewe, mtoto anaogopa analia, wanakimbizana, mzee anadondoka, na mtoto anadhani ni mchezo anaendelea kumnyunyizia dawa ya mimea. Mtu aliyeamuru watu wafe kwa miaka yote hiyo anapewa kifo ambacho kila babu angekiomba. Hata hapo muvi inatuchanganya, na mimi kila mara nahuzunika kama msiba wangu.

Sasa wapi tunalipishwa. Kwenye ubatizo. Jina la muvi ndo hilo, baba wa ubatizo, na watu wengi kwetu wanalitumia neno godfather kwa maana ya mkubwa anayekubeba kwenye siasa mpaka wamesahau linatoka kanisani. Michael amekubali kumsimamia mtoto wa dada yake Connie. Padri anauliza kwa taratibu zake, unamwamini Mungu, naamini, unamkataa shetani, namkataa, na kazi zake zote, nazikataa, na kila jibu linakatwa na mtu wake mmoja mahali fulani anaua. Kitabuni hivi vitu haviko hivyo, kuvisuka pamoja ni wazo la Coppola, na kinanda cha kanisa kiliwekwa mezani kwa waediti wakati wa kukata. Kama mwediti naomba uangalie kitu kimoja, sauti ya kanisa haikatiki. Picha inaruka hotelini, kwenye ngazi, kwenye kinyozi, lakini padri na kinanda na kilio cha kichanga vinaendelea juu ya maiti zote kama ni misa moja. Ingekuwa kila sehemu ina sauti yake ungekuwa unaangalia mauaji matano. Kwa vile sauti ni moja, unaangalia mtu mmoja anayeapa. Na siku hiyohiyo anaamuru auawe Carlo, baba wa mtoto aliyetoka kumsimamia.

Hapo ndo pale sote tulipokuwa tunashangilia, manake Carlo alimpiga Connie, alimuuza Sonny, tulikuwa tunamsubiri. Connie anaingia analia anamtuhumu kaka yake mbele ya mkewe. Kay anauliza, ni kweli? Michael anamwambia nitakuruhusu mara hii moja tu uniulize mambo yangu. Anamwangalia machoni anasema hapana. Kay anapumua, anamkumbatia, anakwenda chumba cha pili kumimina vinywaji, na kutoka huko anawaona wanaume wanaingia ofisini kwa mumewe, mmoja anaushika mkono wake anaubusu, anamwita Don Corleone. Mmoja wa wale watu anausogelea mlango.

Kumbuka ulipoanza ulikuwa upande gani wa ule mlango. Sini ya kwanza wewe ulikuwa ndani, gizani na mzee, harusi unaisikia kwa mbali, na ulijisikia umependelewa kuwekwa humo ukisikiliza siri. Ulikaa ndani karibu masaa matatu, ulikula nao, ulilia nao Sonny alipokufa. Sasa mlango unafungwa taratibu, uso wa Kay unapotea kidogo kidogo nyuma ya mbao, na wewe unajua alichodanganywa huyo aliyebaki nje, kwa sababu uliona mauaji yote na umesikia lile hapana.